Gari Lisilopiga Hodi

Kazi yangu ni ununuzi. Katika ofisi ninayofanyia kazi mjini Kericho, hakiingii kiti wala tangi la maji kabla sijadai bei kutoka kwa wauzaji watatu, nikazilinganisha kwenye jedwali na kuandika sababu za kumchagua huyu na kumwacha yule. Wenzangu hunicheka. Husema hata mume ningempata zamani kama nisingetaka waombaji watatu. Sikasiriki, au hukasirika kidogo tu, maana kuna ukweli ndani yake. Mimi ni mtu wa kupima. Nimepima mengi vizuri maishani mwangu, na lile nililolipima vizuri kuliko yote ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mama alikuwa akiishi peke yake nyumbani kwetu, ng'ambo ya Sosiot, kwenye mteremko wenye chai upande wa juu na nyasi za ng'ombe upande wa chini. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa imeanza kuisha. Ndugu zangu wawili, mmoja yuko Nairobi na mwingine Eldoret, walitaka ahamie kwangu mjini mara moja. Mama akakataa. Alisema nyumba aliyoingia akiwa bibi arusi atatoka humo akiwa amebebwa. Tulivutana miezi mingi, mwishowe tukakubaliana hivi: atabaki kwake maadamu anaweza kusimama, kutembea na kujipikia chai yake. Siku atakayoshindwa, atakuja mjini bila ubishi. Mwamuzi nikawa mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu. Kila Jumamosi nilikwenda kumwona, na jioni niliwapigia simu ndugu zangu kuwapa habari.

Na kila Jumamosi nilimkuta amesimama mlangoni. Rinda safi, kitambaa kichwani, bega limeegemea mwimo wa mlango. Hakuwa akija getini kunipokea. Nilidhani ni heshima ya utu uzima, kwamba mtoto ndiye amwendeaye mzazi. Chai ilikuwa tayari kwenye thamosi. Tuliketi tukaongea kwa Kikipsigis chetu, ambacho hapa ninakigeuza Kiswahili. Aliniuliza habari za ofisi, akanilaumu kwa kukonda hata nilipokuwa nimenenepa, na wakati wa kuagana alibaki kitini. Jioni niliwaambia ndugu zangu, "Mama yuko sawa. Anasimama."

Shida ilikuwa siku za kliniki. Gari langu la zamani lilikuwa saluni ndogo, la chini mno, na kumwingiza Mama humo kulikuwa kama kumteremsha kisimani. Jirani yake alinisaidia, mwanamke ambaye mumewe alitoka upande wa ziwa akaja kufanya kazi kwenye kiwanda cha chai. Huyo jirani, aliyemwita Mama Gogo, yaani bibi, ndiye aliyemchumia chai na kumkamulia ng'ombe. Mimi nilimshika Mama upande huu, yeye upande ule, na Mama mwenyewe akiguna na kulalamika njia nzima hadi kliniki.

"Gari lako ndilo gonjwa, si mimi," aliniambia siku moja tulipomshusha. "Nunua gari la kumfaa mtu mzima, utaniona nikiruka."

Nilimwamini. Nilitaka sana kumwamini, na gari lenyewe lilinipa sababu. Mawe ya barabara ya kwetu yalikuwa yamelitoboa ekzosi. Nililichomelea, likatoboka tena, nikachoka. Lilinguruma hivi kwamba ofisini walisema "madam amefika" kabla sijapita kwa mlinzi. Niliona aibu, mwanamke wa rika langu kufika kazini kwa kishindo namna ile.

Basi nikaanza kutafuta gari. Nililitafuta jinsi ninavyotafuta vitu vya ofisi, ila safari hii kwa moyo wote. Jumamosi moja, Mama akiwa kitini, niliingia chumbani kwake nikakata kamba ya katani kwa urefu wa kitanda chake, kutoka sakafuni hadi juu ya godoro. Nilijua kwamba pale ndipo anapoweza kuketi na kuinuka bila kuinuliwa. Kamba hiyo nilizunguka nayo kwenye yadi za magari, Kericho na Nakuru. Nilifungua mlango wa gari, nikaisimamisha kamba kando ya kiti cha abiria, nikaandika. Muuzaji mmoja aliniuliza kama nampimia mtu suti. Nikamwambia chema chajiuza, anyamaze tu nipime.

Saluni zote zilikuwa chini ya kamba. Yale makubwa ya kupandia milima yalikuwa juu sana. Mama angehitaji ngazi. Kamba ilikubaliana na yale ya katikati ambayo wauzaji huyaita krosova, gari dogo la mjini lililoinuliwa kidogo, kama mwanamke mfupi aliyevaa viatu vya kisigino. Lingepita matope ya Sosiot bila kukwaruza tumbo, na mjini lingeegeshwa popote.

Hapo nikabaki na swali la injini, nikampelekea fundi wangu. Ni mzee aliyezaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa mashamba ya chai, na magari anayajua kwa kuyasikiliza.

"Kwanza niambie unaendanga wapi," alisema.

"Nyumbani, ofisi, soko. Jumamosi kwa Mama."

"Basi dizeli wachana nayo. Dizeli inataka safari mrefu. Ukiizungusha hapa tauni kilomita mbili tatu, masizi inaziba filta, kila mwezi uko hapa kwangu. Mimi nitafurahi, wewe hutafurahi."

Nikamtajia zile ndogo za petroli zenye turbo. Akatingisha kichwa. Alisema zina nguvu ya mlima lakini hazijui kusamehe. Ukichelewesha oili kidogo tu, turbo imekwenda. Petroli ya kawaida haikuwa na neno, ila kwenye msongamano ingekunywa kama ng'ombe aliyetoka machungani. Gari la umeme mtupu nilikuwa nimelifuta mwenyewe siku ya kwanza, kwa sababu kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri na stima hukimbia pamoja na radi.

"Wewe chukua haibridi," alisema. "Ukiwa kwa jam injini inalala, inaenda na betri. Ukiteremka inajichaji yenyewe, na huku kwetu ni kuteremka na kupanda tu. Lakini betri ipimwe kwanza, usidanganywe na rangi. Na haina kelele, madam. Utafika mahali watu wasijue umefika."

Alilisema hilo kama sifa, nami nikaliandika kama sifa. Kwenye jedwali langu kulikuwa na safu ya kelele, na haibridi ikapata alama zote.

Jambo moja sikulifanya. Ofisini, kabla ya kununua chochote, kuna fomu ninayompelekea yule atakayekitumia, aandike mwenyewe anachohitaji na atie sahihi. Nimewahi kurudisha meza kumi na mbili kwa sababu hakuna aliyeulizwa. Mama sikumwuliza. Nilitaka kumshangaza, niegeshe mbele ya mlango wake, nifungue na kumwambia, haya, ruka.

Jumamosi niliyompelekea gari, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi ikakatika. Nilipita kituo ambapo wakulima hupimiwa majani ya chai, nikakunja kona, na kuanzia hapo barabara ni mteremko mpaka kwetu. Niliondoa mguu kwenye mafuta, injini ikalala. Nilisikia magurudumu yakipita kwenye matope, nikasikia ndege, nikasikia watu wakiongea shambani kwa sauti za kawaida. Nilifurahi kupita kiasi. Lango lilikuwa wazi kwa sababu jirani alikuwa amempeleka ng'ombe mtoni. Niliegesha, nikashuka na ufunguo mkononi, nikazunguka ukingo wa nyumba nikiwa tayari ninacheka.

Mama alikuwa chini. Kati ya nyumba na jiko kuna kama hatua ishirini, na udongo ulikuwa umelainika. Alikuwa ameketi juu ya gunia, mgongo ukielekea jikoni, akijisukuma nyuma kwa mikono kidogo kidogo, akipumzika, akijisukuma tena. Birika lilikuwa mapajani mwake. Rinda lilikuwa limepanda juu ya magoti na miguu ilijaa matope. Kichwani hakuwa na kitambaa. Nywele zake, ambazo sikuwa nimeziona kwa miaka, zilikuwa nyeupe na chache. Alikuwa akijisemesha polepole, labda akiomba, labda akihesabu.

Aliponiona hakushtuka kwa sauti. Alilishusha rinda likafunika magoti.

"Umekujaje?"

"Kwa gari, Mama. Gari jipya."

"Sikusikia."

Kisha, akiangalia birika na si mimi, akasema, "Rudi. Rudi mpaka kwenye kona ya kituo, halafu uje tena."

Ningependa kuandika kwamba sikumwelewa. Nilimwelewa papo hapo. Niliuelewa mwimo wa mlango, nikaielewa thamosi, nikaelewa kwa nini tuliagana akiwa kitini. Na badala ya huruma, kilichonipanda ni hasira. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hakuna kinachonikasirisha kama kupewa habari za uongo nikaziandika.

"Umekuwa ukinidanganya," nilimwambia.

"Rudi kidogo tu. Nipe muda."

"Sirudi popote. Mimi si mtoto."

Nilimwinua. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia, na hilo likaniongezea hasira. Aligeuza uso upande wa pili nilipokuwa nikimbeba, mikono yake yenye matope ameikunja kifuani ili asinichafue. Nilimlaza kitandani, nikasimama pale pale kando yake nikawapigia ndugu zangu simu, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya juu. Niliwaeleza gunia, nikawaeleza magoti, nikawaeleza hata matope. Yule wa Nairobi akasema mficha maradhi kifo humuumbua. Simu ilikuwa kwenye spika. Mama alisikia.

Jirani alirudi na ng'ombe, akaona gari, akaja mbio hadi mlangoni akihema.

"Sista, umefika saa ngapi? Mbona sijasikia?"

"Ni gari lingine."

Alimtazama Mama aliyegeukia ukutani, akanitazama mimi, akaketi kwenye kizingiti kama aliyeambiwa kuna msiba. Baadaye, nilipotoka kwenda kunawa mikono, alinifuata.

"Si tulikuwa tunasikia gari yako ikiwa huko juu kwa kituo," alisema. "Kutoka hapo ni dakika kumi, na kama kumenyesha ni kumi na tano. Mimi nakimbia. Naosha Gogo miguu, namvalisha, naweka chai kwa thamosi, namsimamisha hapo kwa mlango ajishikilie. Halafu mimi napitia nyuma kwa majani chai naenda kwangu. Gogo alikuwa anasema, harakisha, mwalimu wa mtihani amefika."

"Tangu lini?"

"Kitambo. Tangu mahindi ya mwaka jana."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Aliniomba. Na wewe ulikuwa unafurahi sana ukimwona amesimama."

Kwetu mtu hafiki nyumbani kwa watu kimya kimya. Nimelelewa hivyo na nilijua. Marehemu Baba, hata akirudi nyumbani kwake mwenyewe, alianza kukohoa tangu kwenye uzio, na hata mvua ikimpiga alisimama kidogo kabla ya kuingia. Nilipokuwa mdogo nilidhani ana kifua. Mama ndiye aliyenieleza kwamba mtu mwenye adabu huwapa waliomo ndani nafasi ya kujiweka sawa, na kwamba anayefika bila kusikika huenda amekuja kwa ubaya. Mwanamke huyo aliyenifundisha hayo ndiye niliyemfikia bila kukohoa, na aliponiomba nafasi yake nikamnyima.

Ndugu zangu walikuja wiki iliyofuata. Makubaliano yalikuwa makubaliano, na Mama hakubisha. Ng'ombe akabaki na jirani. Tulimfunga Mama shuka mbili na kumtoa, na kiti cha gari kilikuwa sawasawa na kitanda chake kama nilivyopima. Aliketi bila kushikwa na mtu, akavuta miguu ndani mwenyewe. Ndugu yangu wa Eldoret akanisifu mbele ya watu, akasema gari limechaguliwa kwa akili. Wengine wakakubali. Mama alikuwa akiangalia mbele.

Kupanda kuelekea kituoni nilikwenda polepole kwa ajili ya nyonga yake. Pale juu palikuwa na wanawake wakisubiri kupimiwa majani, vikapu chini, migongo imeelekea barabara. Ni wanawake ambao Mama alichuma nao tangu ujana wake. Karibu na kituo ardhi ni tambarare, injini ikalala tena, na hakuna aliyegeuka. Niliona kwa pembe ya jicho Mama akiinua mkono kuwapungia. Tulipita. Akaurudisha mkono mapajani. Ningeweza kupiga honi, lakini hilo lilinijia tulipokuwa tumeshafika lami.

Gari ni zuri. Sitasema uongo juu yake. Kwenye mzunguko wa pale mjini, asubuhi magari yakijipanga, linasogea kimya bila kuchoma mafuta, na kwa matumizi yangu ya kazini na sokoni najaza tangi mara chache hadi mhudumu wa kituo cha mafuta aliniuliza kama nimehama. Betri ilipimwa na iko imara. Ofisini watu wanaotaka kununua magari huja kwangu, nami huwapa jedwali. Huwaambia kuhusu dizeli na masizi, turbo na oili, urefu wa kiti kwa wazazi wao. Wakiniuliza kasoro yake, huwaambia ni buti tu, ni dogo kidogo.

Mama yuko kwenye chumba cha mbele, kile chenye jua la asubuhi. Ana kitanda cha urefu ule ule; nilihakikisha. Ana fimbo mbili na kile chuma cha kutembelea alichopewa hospitalini. Anakula vizuri, anameza dawa kwa wakati. Hajaanguka hata mara moja tangu aje, kwa sababu hajaribu kusimama. Daktari anasema angeweza kujaribu. Msichana anayemtunza mchana anasema humwomba, naye hujibu kwa upole kwamba hakuna haja. Kitambaa cha kichwa kipo kwenye msumari, hakivai.

Sijuti kumhamisha. Nimelifikiria kila upande na ninajua asingeweza kuendelea kujivuta kwenye matope yale mpaka siku gunia liteleze na hakuna mtu. Ninachojuta ni dakika kumi. Ningegeuza gari tu. Ningerudi hadi kwenye kona, nikangoja, nikapiga honi mara mbili tatu, nikaja tena. Hata bila jirani, angejisogeza mpaka kizingitini, angejifuta miguu, angejifunga kitambaa, na ningemkuta ameketi kama mwenye nyumba. Ningekaa naye tukanywa chai kila mmoja akijua, na pengine siku hiyo hiyo, au Jumamosi nyingine, angeniambia kwa kinywa chake mwenyewe kwamba imetosha, nimchukue. Angetoka kwake kwa kusema. Hilo nilikuwa nalo mkononi kumpa, lisingenigharimu chochote, na nikasema mimi si mtoto.

Siku hizi siingii chumbani kwake bila kubisha. Nabisha, nasema "Mama, ni mimi," na nasimama ukumbini hadi aitike. Sitaji sababu wala yeye haniulizi. Jumamosi iliyopita nilimpelekea chai saa kumi. Nilibisha nikangoja. Kulikuwa kimya, nikafikiri labda anajiweka sawa, labda leo anashusha miguu au anaufikia ule msumari. Nilikaa pale mpaka kikombe kikaanza kupoa mkononi.

Kisha nikasikia sauti yake, haina hasira yoyote.

"Ingia tu. Wewe si ulishaniona."